Mjadala: Je, programu ziendelee kupokea anwani za IP zilizofupishwa?

Wadau wa mitandao, wapo mafundi wanaotetea desturi ya kuandika 127.1 badala ya 127.0.0.1, anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao) ambayo kompyuta hujiita yenyewe, wakisema kuwa inaokoa muda na kuwa ilikubalika tangu mifumo endeshi ya BSD ya miaka ya 1980. Ni kweli ilikubalika. Msimamo wangu ni kwamba programu zote ziikatae anwani yoyote ya IPv4, yaani anwani za namba zinazotenganishwa kwa nukta, isiyo na namba nne kamili, kwa sababu kifupisho hicho hakisomwi kwa maana moja na kila anayekipokea.

Kwa kanuni ya zamani, namba ya mwisho hujaza nafasi zote zilizobaki, na ndiyo maana 10.258 huwa 10.0.1.2, jambo ambalo huwezi kulitambua bila kupiga hesabu. Kanuni hiyo inaambatana na nyingine iliyo hatari zaidi: namba inayoanza na sifuri huhesabiwa kwa msingi wa nane, hivyo 010 huwa nane, si kumi. Kazini kwetu orodha ya vifaa iliandikwa kwa tarakimu tatu tatu ili safu zilingane, na printa moja ikaandikwa 192.168.010.020. Nilipoinakili anwani hiyo kwenye ping, amri ya kupima kama kifaa kinajibu, kompyuta ikaitafuta 192.168.8.16, nasi tukashinda asubuhi nzima tukibadilisha nyaya za printa isiyo na kosa lolote.

Kubwa zaidi ni usalama. Mwaka 2021 iligundulika kwamba netmask, maktaba inayotumiwa na programu za JavaScript, ilikuwa ikiisoma 0177.0.0.1 kuwa 177.0.0.1, yaani anwani ya nje, ilhali mifumo mingi huielewa kuwa 127.0.0.1, yaani kompyuta yenyewe. Hivyo kichujio kilichowekwa kumzuia mvamizi kingeweza kumfungulia mlango. Mwaka huohuo lugha ya programu ya Python nayo ilikutwa na kasoro ya aina hiyo, na toleo la 3.9.5 likaanza kuzikataa sifuri za mbele.

Ufupishaji wa IPv6, aina mpya na ndefu zaidi ya anwani, siupingi. Katika 2001:db8::1 alama ya ::, inayosimama badala ya sifuri zilizofuatana, huruhusiwa mara moja tu, kwa kuwa zikiwa mbili hakuna awezaye kujua kila moja imeficha sifuri ngapi, na waraka wa kiufundi wa intaneti uitwao RFC 5952, wa mwaka 2010, ulipendekeza namna moja ya kuiandika. Wanaoitetea 127.1 watueleze, kwa mifano ya skripti wanazozitumia, ni kazi gani hasa itakwama tukiiacha.