Tupeane uzoefu: Mfanyabiashara alipataje ubunge Uingereza kabla ya 1832?

Wakuu, mnaolijua Bunge la zamani la Uingereza, shusheni nondo. Mtu ana fedha za biashara, hana ukoo mkubwa. Anaanzia wapi?

Daftari la Kale: Ardhi kwanza. Sheria ya enzi za Malkia Anne ilimtaka mbunge wa mji awe na ardhi ya kumwingizia pauni 300 kwa mwaka, wa kaunti pauni 600. Asiye nayo aliandikishiwa kwa muda na rafiki, akaapa, akairudisha.

Kisha anachagua jimbo. Mahali ambapo haki ya kura iliambatana na kiwanja, alinunua viwanja. Thomas Pitt, aliyetajirikia biashara ya India, alinunua Old Sarum mwaka 1691: kilima kisicho na mji, lakini kina wabunge 2! Katika majimbo ya namna hiyo, mwenye viwanja aliwakabidhi watu wake hati karibu na uchaguzi, kura zikiisha anazichukua.

Mnadani: Hiyo ndiyo njia salama. Kazi ilikuwa kwenye miji ambayo wapiga kura walijiuza wenyewe. Sheria ya 1729 iliweka faini ya pauni 500, kwa hiyo fedha ilipita kwa mawakala, ikaitwa mkopo, au ikalipwa baada ya muda wa pingamizi kupita. Takrima ya pombe ilikuwa juu. Mpiga kura alimtaja mgombea wake hadharani na karani akaandika, basi aliyelipa alijua kama amepata alichonunua.

Hatari ni wingi wa mikono: mmoja akisema, wote wamekwisha. Manasseh Lopes, mzaliwa wa Jamaika mwenye utajiri wa sukari, alihukumiwa 1819 kwa kuwahonga wapiga kura wa mji wa Grampound: miaka 2 jela na faini ya pauni 10,000. Mji ukanyang'anywa viti vyake 1821. Inauma kwamba yeye bado alilimiliki jimbo jingine, Westbury, na mwaka 1829 akamwachia waziri Robert Peel kiti cha huko.

Daftari la Kale: Na sheria ya mageuzi ya uchaguzi ya 1832 haikumaliza rushwa, ingawa ilifuta vijimbo kama Old Sarum. Kilichowabana wanunuzi ni kura ya siri ya 1872, maana mlipaji hakuweza tena kuhakiki, halafu sheria ya 1883: ukomo wa matumizi, na wakala mmoja anayewajibika kwa hesabu zote.