Tunataka kuhama Phoenix kwenda kaskazini ya Maine, nikakague vipi kabla ya kuhama?

Baba Wanne

Wakubwa shikamooni, wa rika langu habari za siku. Naombeni ushauri, hasa ninyi mnaoishi Maine au mliowahi kuishi kule.

Sisi ni familia ya watu sita. Kwetu ni Fizi, Kongo, tulikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka kumi na miwili, tukaletwa Phoenix, Marekani, 2015. Arizona imetupokea vizuri, siwezi kuisema vibaya. Lakini joto limetushinda. Mwaka 2023 tulipitisha siku 31 mfululizo za nyuzi 110 za Farenhaiti na kuendelea, yaani kama 43 za Selsiasi. Mtoto wangu wa tatu ana pumu, mwezi ule mzima hakutoka nje ila kwenda kwa daktari. Kodi ya nyumba nayo inapanda kila tukisaini mkataba.

Tangu mwaka jana naangalia nyumba mtandaoni upande wa Aroostook, kule juu kabisa mpakani na Kanada. Nimeona nyumba ya vyumba vinne, ina banda kubwa la mbao na eka sita, kwa bei ambayo hapa sipati hata vyumba viwili. Mimi ni mtoto wa mkulima. Nikitazama picha za yale mashamba ya viazi, moyo unahama kabla ya mwili.

Nilichopanga ni hiki: Julai nichukue likizo ya siku nne, niende peke yangu, nikodi gari, nione nyumba tatu, nikiridhika na moja nilipie chambele, yaani malipo ya awali. Mke wangu anahudumia wazee na ana cheti, mimi niko ghalani naendesha folklifti. Siku nne zinatosha? Nitazame nini? Na baridi yenyewe, inazoeleka?

Mama Mapacha

Marahaba Baba Wanne, poleni na joto. Nimekusoma mara mbili kabla sijajibu, kwa sababu maneno yako ndiyo yale yale ya mume wangu mwaka 2017. Nakuomba usije Julai, na usije peke yako.

Mume wangu alikuja Agosti. Akaona ziwa, akala mahindi mabichi ya kuchemsha, mwenye nyumba akampa na kikapu cha nyanya. Alirudi kwetu uso umejaa nuru. Sisi tukafika mwanzoni mwa Novemba. Majani yameisha mitini, theluji bado haijaja, nchi nzima rangi ya majivu. Wiki ile ile wakarudisha saa nyuma, kama kawaida ya Marekani kila Novemba. Siku ya tatu nilikuwa nimesimama dirishani na sufuria mkononi, saa kumi na nusu ya alasiri, naona nje kumekuwa kweusi. Nikamwuliza mume wangu, hii ni mvua inakuja? Akanyamaza kidogo, akasema, mama, huu ni usiku.

Kijiji chetu kilikuwa kaskazini ya mji wa Bangor, huku huku Maine. Mume alifanya kazi usiku, mimi sikujua kuendesha gari. Basi hakuna, na duka la karibu liko maili kumi na moja. Kuanzia Desemba mpaka Machi, safari zangu nje ya ile nyumba nazihesabu kwa vidole. Mtu wa kuongea naye Kiswahili yuko mwendo wa saa mbili. Watu wa pale hawakuwa wabaya hata kidogo, jirani alikuwa anakuja na trekta lake kutusafishia njia bila kudai senti. Lakini jirani anapita dakika kumi, na siku ina saa nyingi. Tulivumilia misimu miwili ya baridi, tukauza kwa hasara, tukahamia mji wa Lewiston, kusini ya Maine.

Simlaumu mume wangu. Alikagua nyumba na ardhi vizuri sana. Kilichokosekana ni kwamba mtu atakayeshinda ndani ya ile nyumba hakuiona.

Kwa hiyo njoo na mke wako. Msilale hotelini, pangeni nyumba kijijini walau siku saba, mpike, mfue, mwende kanisani. Mwachie usukani aendeshe mwenyewe kutoka nyumbani hadi atakapokuwa anafanya kazi, usiku, barabara ikiwa na theluji. Halafu ulizeni shuleni basi la watoto linapita saa ngapi na kuwarudisha saa ngapi. Desemba kule juu jua linazama saa kumi kasorobo, mtoto anashuka kwenye basi giza linaingia.

Na kabla hamjapanda mpaka juu, pitieni Lewiston. Wasomali walianza kuja hapa 2001, wakafuata Wabantu wa Kisomali wa bonde la Juba, wengine Kizigua chao kinasikilizana na cha Handeni. Siku hizi tupo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Waangola. Sombe (kisamvu) ipo, dagaa wapo, unga upo. Hata wazee wa hapa, babu zao walitoka Quebec kuja kufanya kazi kwenye viwanda vya nguo, kwa hiyo bibi wa mlango wa pili ananisalimia kwa Kifaransa kila asubuhi, na Kifaransa changu cha Uvira kimefufuka.

Fundi Tangi

Mimi ni fundi wa boila, ule mtambo wa kupasha nyumba joto, mwaka wa tisa huku. Mama kamaliza upande wa watu, niseme upande wa nyumba.

Ukifika usianze na sebule. Shuka chini ya nyumba. Nyumba nyingi za Maine zinapashwa joto kwa mafuta, hakuna jimbo Marekani linalotegemea mafuta ya kupashia nyumba kuliko hili. Chini kule utakuta tangi, la kawaida ni la galoni 275. Pitisha kiganja chini ya tumbo la tangi. Kikitoka na unyevu wa mafuta, au ukikuta chuma kimefanya vipele vya kutu, hilo tangi linaelekea kutoboka, na mafuta yakimwagika chini ya nyumba gharama yake si ya mchezo. Kisha mwombe anayeuza risiti za mafuta za msimu mzima uliopita. Usikubali kuambiwa "si mengi". Nyumba kongwe ambayo haijazibwa vizuri Januari peke yake inaweza kula zaidi ya nusu ya tangi.

Ukiangukia nyumba ya kuvutwa, ile ya bati ndefu, tangi lake mara nyingi liko nje. Mafuta ya kawaida ya kupashia yanaganda kwenye baridi kali, kwa hiyo wenye matangi ya nje wanalazimika kutumia mafuta ya taa, na mafuta ya taa ni ghali zaidi. Wengi wanagundua hili Desemba.

Subiri siku ya upepo. Lowesha kidole mate, kisogeze karibu na soketi ya umeme iliyoko ukuta wa nje, bila kuigusa. Ukisikia upepo kwenye kidole, ukuta huo ndani hauna kitu. Nimekuta nyumba ambayo pazia linatikisika na dirisha limefungwa.

Jambo la mwisho, na ndilo zito. Vijijini maji ni ya kisima chako mwenyewe, na pampu inatumia umeme. Umeme ukikatika hakuna maji, boila halizunguki, na mabomba yanaanza kuganda. Dhoruba ya Desemba 2023 iliacha wateja zaidi ya laki nne gizani, wengine siku nyingi. Kwa hiyo nyumba iwe na jiko la kuni linalofanya kazi bila umeme, na mfukoni uwe na hela ya jenereta. Jenereta linakaa nje, mbali na madirisha, kamwe lisiwashwe ndani wala kwenye gereji, moshi wake unaua watu wamelala. Maji ya kisima yapimwe sumu ya arseniki kabla hujasaini. Miamba ya Maine ina arseniki, na huwezi kuionja wala kuiona.

Dereva wa Bangor

Nakubaliana na wote ila naongeza. Watu watakuambia njoo Februari. Februari ni nzuri kupima baridi, lakini theluji inaficha: huoni paa, huoni uwanja, na barabara ya udongo imeganda ngumu kama lami. Rudi tena Aprili, theluji ikiyeyuka. Hapo ndipo utajua kama ile njia ya kuingilia kwako ni njia au ni jaruba la mpunga. Wewe umekaa Kigoma, unaijua masika. Sasa fikiria masika ambayo chini ya tope bado kuna barafu, maji hayana pa kwenda. Msimu huo barabara nyingi ndogo zinawekewa vibao, gari la zaidi ya pauni 23,000 halipiti. Nimeshaona familia vyombo vyao vimekwama maili tatu kabla ya nyumba.

Na usiku, kati ya Bangor na Houlton, punguza mwendo. Ni kama maili 120 za msitu, vituo vya mafuta vya kuhesabu. Kuna moose, mnyama mrefu kushinda pofu, mweusi, miguu mirefu hadi macho yake yanapita juu ya mwanga wa taa zako, hayawaki kama ya paa. Unamwona akiwa tayari mbele ya kioo.

Muuguzi wa Kaskazini

Mimi ni Mkenya, niko Aroostook mwaka wa sita, na sina mpango wa kuondoka. Naandika ili Baba Wanne asife moyo.

Baridi inazoeleka. Nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri ni asubuhi ya kawaida ya Januari, na kuna siku inashuka hadi 30. Theluji inalia chini ya kiatu, vinyweleo vya pua vinashikana. Lakini anga ni safi, jua linang'aa, na watoto wanacheza nje. Kisichozoeleka ni nguo mbaya. Usiwanunulie watoto makoti ya Phoenix.

Kazi ya mama ipo. Maine ndilo jimbo ambalo watu wake wana umri mkubwa kuliko majimbo yote, na nyumba za wazee zinatafuta watu kila siku. Ila cheti cha Arizona hakihami chenyewe, aanze sasa kuomba kuingizwa kwenye daftari la wahudumu la Maine. Bima ya afya ya jimbo nayo haivuki mpaka, mtaomba upya mkifika, kwa hiyo mtoto wa pumu aje na dawa za miezi kadhaa. Kazi yako ndiyo ya kutafuta kwa makini. Viwanda vya viazi vipo, maghala si mengi. Usinunue nyumba kabla ya kuwa na barua ya kazi.

Kuhusu pumu: joto la Arizona mtaliacha, lakini huku nyumba nyingi zina jiko la kuni, na jioni isiyo na upepo moshi unalala bondeni. Mkija naye, mtaona kifua chake kinasemaje. Pimeni pia kwa saa, si kwa ramani, kutoka kila nyumba hadi hospitali yenye daktari wa watoto. Hospitali kadhaa za vijijini Maine zimefunga wodi za uzazi, kwa hiyo kama bado mnatarajia mtoto, ulizeni hilo kwanza.

Aroostook nzima, kubwa kuliko jimbo la Connecticut, ina watu kama 67,000. Nyarugusu peke yake ilikuwa na zaidi ya laki moja. Watoto wako huenda wakawa Waafrika pekee darasani. Nendeni shule ikiwa imefunguliwa, kaeni kwenye ukumbi wa chakula, mtazame watoto wanavyotazamana. Mimi nilifanya hivyo, na ndicho kilichoniamulia mji. Baadhi ya shule huku bado zinafunga Septemba ili wanafunzi wavune viazi. Mwanangu mkubwa alivuna mwaka jana, akarudi na udongo mpaka masikioni, ana furaha.

Baba Wanne

Wakubwa, asanteni sana. Jana usiku nilimsomea mke wangu uzi wote, kuanzia juu hadi chini. Nilipofika kwa Mama Mapacha na lile sufuria dirishani, akaniambia nisome tena.

Tumebadilisha. Julai imefutwa. Tunakuja wawili wiki ya pili ya Februari, siku nane, na huyu wa pumu tunamleta. Dada yangu atabaki na wengine. Aprili nitarudi mwenyewe kutazama tope. Hakuna chambele kabla ya hapo. Na mke wangu ameanza masomo ya kuendesha gari Jumatatu hii.

Ana swali lake moja anataka niliulize: huko juu kinalimika nini cha kwetu?

Mama Mapacha

Mwambie muhogo asahau, na ndizi pia. Kule juu baridi ya kuua mimea inaweza kurudi mpaka mwanzoni mwa Juni, na Septemba imefika tena. Lakini maharage yanatoka, mchicha unatoka, maboga tunakula majani yake mpaka tunachoka. Mahindi achague ya muda mfupi. Karibu na Lewiston Wabantu wa Kisomali wanalima mahindi na kusaga unga wao wenyewe, nitampeleka aone.

Mkija Februari shukieni Portland, mpite kwangu mlale usiku mmoja kabla ya safari ya juu. Nitajieni namba za viatu vyenu watatu. Buti za mapacha wangu zimewabana, na mume wangu ana makoti mawili hayavai.