Mnatutangazia mafumbo ya anga za juu, majibu yakipatikana mnapotelea wapi?

Wakuu, leo mnivumilie, nimekuja na hasira zangu zote.

Hivi hawa watengeneza video za "maajabu ya anga za juu" nani kawaruhusu kufungua kesi kila wiki na wasiifunge hata moja? Sauti ile ile nzito, muziki ule ule wa kutisha, halafu kibwagizo: "wanasayansi wamebaki vinywa wazi." Vinywa wazi wapi! Wanasayansi hao hao walishapima na kuandika majibu miaka kadhaa iliyopita. Ila jibu halina soko, kwa hiyo mtazamaji anapewa fumbo la 2015 kana kwamba limezuka jana usiku.

Nianze na nyota ya Tabby, maana hiyo ndiyo iliyonijaza hadi pomoni. Kwenye orodha za wanafalaki inaitwa KIC 8462852, iko umbali wa takriban miaka ya nuru 1,470 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mzima). Darubini ya Kepler iliinasa ikififia hovyo hovyo bila ratiba, na kuna wakati mwanga wake ulishuka kwa asilimia 22. Sayari kubwa kama Mshtarii ikikatiza mbele ya nyota kama ile haipunguzi hata asilimia moja. Kwa hiyo Tabetha Boyajian na wenzake walipoitangaza mwaka 2015, wakisaidiwa na watu wa kujitolea walioikodolea macho michoro ya kupanda na kushuka kwa mwanga, kushtuka kulikuwa halali kabisa. Hata wazo kwamba huenda ni mitambo mikubwa iliyojengwa na viumbe wenye akili lilitolewa na mtaalamu kwa nia njema, ili lipimwe.

Sasa sikilizeni: lilipimwa! Watu wa kawaida walichanga fedha zao, nyota ikafuatiliwa, na ilipofifia tena mwaka 2017 darubini zilikuwa tayari zimeielekea. Matokeo yakatoka Januari 2018: mwanga wa buluu ulipungua zaidi kuliko mwekundu. Maana yake ni nini? Kitu kigumu kikipita mbele ya taa huziba rangi zote sawasawa. Kinachobagua rangi namna ile ni vumbi laini sana. Mitambo ikafa hapo hapo. Lakini hadi leo bado naletewa video ya "jengo la viumbe wa ajabu", na mwaka 2018 haujatajwa hata kwa bahati mbaya. Kinachoniuma zaidi ni kwamba swali zuri limebaki pale pale: vumbi hilo linatoka wapi? Chembe ndogo kiasi kile husukumwa mbali na mwanga wa nyota yenyewe, kwa hiyo lazima kuna kinacholizalisha upya. Hilo ndilo fumbo la kweli, na hakuna anayelitengenezea video.

Haya, twende kwenye ile picha. Mnaijua. Doa jeusi tii katikati ya nyota tele, chini yake maandishi: "Utupu wa Boötes, sehemu ya kutisha kuliko zote ulimwenguni." Wakuu, ile SIYO Boötes. Ile ni Barnard 68, wingu la gesi na vumbi lililo ndani ya galaksi yetu hii hii, umbali wa miaka ya nuru 500 hivi, na upana wake ni kama nusu ya mwaka wa nuru. Nyuma yake nyota zimejaa tele. Ukiitazama kwa mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, unaziona zikipenya. Utupu wa Boötes upo kweli, uligunduliwa na Robert Kirshner na wenzake mwaka 1981, una upana wa takriban miaka ya nuru milioni 330 na galaksi zake ni za kuhesabika. Lakini hauwezi kupigwa picha ukaonekana kama tundu! Tumia akili kidogo tu: ukitazama upande ule, nyota za galaksi yetu ziko mbele, na galaksi za mbali zaidi ziko nyuma. Utupu wenyewe unaonekana kwenye ramani, baada ya kupima umbali wa galaksi moja moja na kukuta pale katikati pamekaukiwa. Kazi ya kuchosha, ya hesabu, ya miaka. Mtu anaifuta yote kwa picha ya wingu, halafu anapata wafuasi.

Na ile "sauti ya shimo jeusi"? Kuna wanaoisambaza wakidai ni vilio. Katika kundi la galaksi la Perseus kuna gesi moto, na shimo jeusi la katikati linaisukuma, linazaa mawimbi ya mgandamizo ambayo darubini ya Chandra iliyaonyesha mwaka 2003. Mawimbi hayo ni ya taratibu mno, kutoka wimbi moja hadi jingine ni takriban miaka milioni 10. Ulichosikia wewe NASA walikipandisha oktavu 57 na 58 (kila oktavu ni kuongeza kasi ya mtetemo mara mbili) ili sikio la binadamu liweze kukipata, wakasema hivyo wazi mwaka 2022. Aliyekuletea ndiye aliyekata maelezo.

Kuhusu ishara ya Wow!, ile ishara ya redio kutoka angani inayodaiwa kuwa ya viumbe wengine, sitasema mengi. Ya tarehe 15 Agosti 1977, ilinaswa na darubini ya redio ya Big Ear kule Ohio, Marekani, na mwanafalaki Jerry Ehman akaizungushia kalamu nyekundu kwenye karatasi ya kompyuta na kuandika "Wow!" pembeni. Zile herufi 6EQUJ5 mnazosomewa kama ujumbe wa siri ni kipimo cha nguvu ya mawimbi tu, tarakimu kwanza, nguvu ikizidi 9 wanaendelea na herufi. Na zile sekunde 72 ambazo ishara ilidumu ndizo muda ambao darubini ile, iliyokuwa haigeuki, ilichukua kupitisha nukta moja ya anga kwa mzunguko wa Dunia. Haijasikika tena. Fumbo lipo, sikatai. Siri ndani ya herufi hakuna.

Mnajua nini kinanishangaza kuliko hao viumbe wenu? Kwamba kisa kinachochekesha kuliko vyote hawakigusi. Darubini ya Parkes huko Australia ilikuwa inanasa milipuko mifupi ya redio ya ajabu kwa miaka mingi. Mwaka 2015 mkosaji akapatikana: maikrowevu ya hapo hapo kituoni, mtu akifungua mlango kabla haijamaliza kazi. Watafiti wakaandika hadharani, kwa majina yao. Na bado milipuko ya kweli ipo, kwa sababu kati ya data za Parkes hiyo hiyo, mwaka 2007 Duncan Lorimer na wenzake walitangaza mlipuko uliotoka nje kabisa ya galaksi yetu, wa milisekunde chache tu. Tarehe 28 Aprili 2020 mmoja ukatokea ndani ya galaksi yetu, na chanzo kikajulikana: magneta, mabaki ya nyota yenye uga wa sumaku usiosemeka. Kwa hiyo angalau baadhi ya milipuko hii tunajua mzazi wake. Kwa nini mingine hurudia na mingine inasikika mara moja basi, hapo ndipo wanapotoana jasho.

Mnataka cha kutisha? Tarehe 27 Mei 2021 mitambo ya Telescope Array huko Utah, Marekani, ilinasa chembe moja kutoka angani, moja tu, yenye nishati ya takriban elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) bilioni bilioni 240. Wakaiita Amaterasu. Walipofuata njia yake kurudi nyuma, wakakuta inaelekeza kwenye utupu uliopakana na kundi letu la galaksi, mahali pasipo na chanzo cha maana. Au kasi ya kutanuka kwa ulimwengu: ukiipima kwa nuru ya kale iliyobaki tangu mwanzo unapata karibu 67, ukiipima kwa nyota na milipuko ya nyota unapata karibu 73, kilomita kwa sekunde kwa kila megaparseki (umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 3.26). Kila mmoja amerudia hesabu yake, hakuna anayeshuka. Hebu nitafutieni video ya dakika kumi ya hilo, yenye muziki wa kutisha. Nitaitazama hadi mwisho.

NYONGEZA: Kuna mkuu kaniambia niache watu waburudike. Waburudike, nani kakataza? Mtu akisema "hii ni hadithi" sina ugomvi naye. Ninagombana na anayesema "imethibitishwa".

NYONGEZA 2: Mwingine kaniuliza, "Na 3I/ATLAS je, mbona umeikwepa?" Sijaikwepa mkuu. Iligunduliwa tarehe 1 Julai 2025 na darubini ya ATLAS iliyoko Chile, ni mgeni wa tatu kuthibitishwa kutoka nje ya mfumo wetu wa Jua baada ya 'Oumuamua ya 2017 na Borisov ya 2019. Ni nyotamkia, ina wingu la gesi na vumbi na ina mkia. Desemba 2025 ilipokaribia Dunia kuliko wakati wowote ilikuwa umbali wa kilomita milioni 270 hivi, yaani mbali kuliko Jua lenyewe. Wale waliokuapia kwamba itageuza njia ije kwetu, video zao bado ziko hewani, hawajabadilisha hata kichwa cha habari. Nenda kawaulize wao.