Waipa gani zinafaa kwa anayetoka jua la Dar kwenda ukungu wa Njombe?

Mzee wa Mzigo

Wakuu, heshima kwenu.

Nina Noah, napelekea mitumba Njombe na kurudi na viazi. Nyumbani ni Tegeta, gari linalala nje, hata mwembe wa kulikinga na jua sina. Kinachonisumbua ni waipa. Nikifunga mpya mwezi wa sita zinakaa kiangazi chote bila kazi, halafu vuli ikianza, nikiwasha tu zinaniachia mistari, tena upande wangu, usawa wa macho kabisa. Sasa upo mlima Kitonga, lori la mbele linakumwagia maji ya tope, na wewe unapinda shingo kutafuta pa kuonea.

Nimepita Gerezani, muuzaji kaniwekea aina tatu: za fremu ya chuma, zile bapa zisizo na fremu, na bapa za silikoni ambazo bei yake ilinifanya nirudishe pochi mfukoni. Kila moja anasema "hii ndiyo yenyewe, bosi". Nichukue ipi? Au niwe na seti mbili, ya pwani na ya baridi?

Konda Mstaafu

Chukua za chuma za bei rahisi, masika ikikaribia unatupa, unafunga nyingine. Silikoni waachie wenye V8.

Fundi Kioo

Mzee wa Mzigo, jibu liko hapo uliposema gari linalala juani. Sio mvua inayoua waipa zako. Raba inakufa ikiwa imekaa tu: jua na ozoni ya hewani vinaikausha, ukingo unafanya vipasuko vidogo sana, na kwa kuwa imelalia upande mmoja miezi yote hiyo, inashika mkunjo. Raba ambayo bado laini hujilaza huku ikienda, ikirudi inajigeuza upande wa pili. Iliyokakamaa haigeuki, ndiyo unasikia inaruka ta-ta-ta kwenye kioo.

Kabla hujatoa hela, osha kioo kwa sabuni, kikikauka pitisha kitambaa chenye spiriti. Ukingo wa raba nao ufute hadi kitambaa kisitoke cheusi. Halafu mwagia maji uangalie. Mistari myembamba ikibaki, raba imepasuka. Ukiona utando mweupe unaofuata nyuma ya waipa kisha unapotea, hayo ni mafuta: moshi wa malori ya barabara ya Tanzam, au nta wanayokupaka pale unapooshea gari. Na kama kuna eneo zima katikati linarukwa, angalia springi ya mkono wa waipa, maana hiyo ikilegea hata ufunge raba ya dhahabu haitasaidia.

Aina sasa. Za fremu si mbaya, Konda hajakosea, ila viungo vyake vikiingia mchanga na kutu ya hewa ya chumvi vinakaza, inagandamiza kioo sehemu moja na kuacha nyingine. Bapa haina viungo, chuma chake cha springi kimejificha ndani, na upepo wa spidi hauinyanyui kirahisi. Tatizo lake ni mkunjo: lazima ulingane na wa kioo chako. Feki utazijua hapo hapo dukani ukiilaza kwenye kioo, ncha zinaning'inia. Silikoni inavumilia jua kuliko raba ya kawaida, na inaacha utando unaofanya maji yajikusanye matone na kukimbia. Kwenye kioo kichafu lakini inapiga kelele kuliko zote.

Mimi ningekuambia weka silikoni upande wa dereva, upande wa abiria funga bapa ya kawaida. Seti mbili huhitaji. Na wale wadudu wa usiku wa Mikumi usiwafute kwa waipa kavu, unapaka supu kioo kizima. Simama Ruaha Mbuyuni pale kwenye vitunguu, maji na sponji, endelea na safari. Vumbi nalo ni hivyo hivyo, mchanga ukiburuzwa mkavu unachora kioo, na mchoro wa kioo hautoki.

Dada wa Tandala

Mimi niko Makete, naongezea ya huku. Kaka, huo ukungu unaousema, mara nyingi nusu yake uko ndani ya kioo. Hapo ni hita pamoja na AC, hewa ielekezwe kioo cha mbele.

Mwezi wa sita na wa saba huku asubuhi unakuta barafu juu ya kioo na raba imegandia. Usiwashe waipa! Raba inachanika, au fyuzi inaondoka. Na maji ya moto msimwage, kioo kinapasuka. Washa gari, weka hita, kunywa chai kwanza.

Halafu kuna magari yanayotoka Japani na waipa zilizovalishwa gamba la raba fremu nzima. Hizo ni za theluji, za kule kaskazini kama Hokkaido. Watu wanaziona nene wanadhani ndizo imara. Ni nzito tu, zitoeni.

Mzee wa Mzigo

Asanteni sana, dada na fundi. Utando mweupe ninao kweli, nitaanza na spiriti. Vipimo navijuaje? Zangu hazilingani urefu.

Fundi Kioo

Ndivyo zilivyo, ya dereva huwa ndefu. Pima raba kwa futi kamba kutoka ncha hadi ncha, dukani zinauzwa kwa inchi. Usiongeze urefu ukidhani utaona zaidi, zitagongana katikati au kugonga nguzo ya pembeni. Nenda na ya zamani mkononi ulinganishe na ndoano inayoshika mkono wa waipa. Na kama fremu yako ya chuma bado haijalegea, ulizia raba tupu, zipo, zinachomekwa tu.

Ukishatoa ya zamani tandika taulo kwenye kioo. Mkono ule ukijirudisha bila waipa unapiga kioo chuma kwa kioo, na kioo cha Noah unajua bei yake.