Tupeane uzoefu: "off", "out" na "up" za Waingereza zilikuumbua wapi?

Mlinzi Zamu ya Usiku: Wakuu, kuna vile vitenzi vya Kiingereza vyenye mkia. Kitenzi chenyewe cha darasa la tano, kikishawekewa "off" hukijui tena. Nilikuwa lindoni kwenye hoteli moja Arusha. Saa nane usiku mgeni Mwingereza kapiga simu mapokezi: "The alarm's gone off!" Mimi najua "the lights went off" ni taa zimezimika. Nikamjibu kwa heshima zote asijali, fundi ataiwasha asubuhi. Kumbe king'ora kinalia! Nilikuwa nakisikia kwa mbali, nikadhani ni gari la jirani. Bahati hakukuwa na moto, mtu alivutia sigara chooni. Barua ya onyo niliipata hivyohivyo. Leteni zenu.

Bi Forodhani: Pole mkuu. Mimi mgeni alionja chai, akakunja uso: "This milk's gone off." Nikamwambia friji haijazimwa tangu jana 😂 Maziwa yalikuwa yamechacha. Hebu ona: king'ora kinalia, taa inazimika, maziwa yanachacha, bomu linalipuka, yote ni "go off". Siku hizi natazama kwanza kinachozungumziwa ni nini.

Kuruta Mstaafu: Nimepita JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), na kule "passing out" ni siku ya kuhitimu: gwaride, wazazi, picha. Nikaenda Uingereza, nikapata kazi ya ghalani. Jumatatu moja mwenzangu ananiambia, "My brother passed out on Friday." Nikamshika mkono nikautikisa haswa: "Congratulations!" Jamaa kanikodolea macho. Kaka yake alizimia kazini, kapelekwa hospitali. Ilibidi nimsimulie habari za JKT mwanzo mwisho, akacheka mpaka akakalia maboksi. Na "passed away" ni kufariki. Hizo mbili msizichanganye mkiwa mnawapigia simu ndugu wa mgonjwa, nawaomba.

Nyar Kisumu: Huku Kenya mikia tumeikata. "Pick me at six", "drop me at the stage". Wenyewe husema "pick me up", "drop me off". Ukiondoa hiyo "off", umemwambia akuangushe. Lakini kwa makanga wetu wa matatu, hiyo maana ya pili pia ni sahihi.

Ticha wa Kidato cha Pili: Kosa ni letu walimu, tunawakaririsha orodha. "Turn down" ni kukataa, basi. Mtoto akikuta "turn down the music" anaandika muziki umekataliwa, kumbe ni kupunguza sauti, na huwezi kumlaumu. Nimeacha orodha, natoa kisa kizima. Ila tusiwaseme sana Waingereza. Niliwahi kumfundisha Kiswahili mmoja aliyekuja kujitolea. Akauliza: mnapiga simu, mnapiga pasi, mnapiga mswaki, vimewakosea nini? Tulipofika "kula kiapo" akafunga daftari.

Mtoto wa Muscat: Jamani nisaidieni haraka. Bosi kaniandikia sasa hivi: "Can you stand in for me tomorrow?" Nisimame ndani ya nini?

Ticha wa Kidato cha Pili: Anataka umshikie nafasi yake kesho.

Mtoto wa Muscat: Na mshahara wake?

Mlinzi Zamu ya Usiku: Huo hauna mkia, mkuu.