Gego la juu limekwama, mtoto wa miaka 7 na nusu

Swali (Malindi): Wenzangu, gego la kwanza la kudumu, juu kulia, limetokeza nyuma tu, mbele limenasa chini ya gego la pili la utoto. Hilo la utoto ling'olewe?

Jibu (Lamu): Usiharakishe, ndugu. Piga eksirei uone mzizi wa gego la utoto umeliwa kiasi gani. Mengi hujinasua yenyewe. Likibaki hivyo miezi 3 hadi 6, pitisha kati ya magego hayo mawili mpira wa kutenganisha meno, au waya wa shaba. Uking'oa la utoto mapema bila kishika nafasi (kifaa cha kulinda pengo), gego la kudumu husogea mbele na jino la kudumu litakalorithi pengo hilo hukosa pa kuotea.

Jibu: Ukiona kinundu kwenye gego hilo la kudumu, upande wa kaakaa, ni kile kiitwacho kinundu cha Carabelli, maumbile tu. Kijishimo chake kizibwe, hushika uchafu.