Wakuu, kamba ya kupandia miti kwa burudani iwe milimita ngapi? Nipo Mwanza

MkuyuMkubwa: Mwangaluka wakuu. Nipo Luchelele, karibu na ziwa. Nataka kuanza kupanda miti kwa burudani. Si kuchuma maembe wala kukata kuni: unapanda kwa kamba, unakaa juu, unaangalia ziwa, unashuka. Marekani ni mchezo kabisa, jamaa anaitwa Peter Jenkins alianzisha klabu Atlanta mwaka 1983. Mkuyu ninao, mkubwa ajabu. Swali ni moja tu: milimita 14 inatosha? Usingizi sipati. Naombeni majibu ya haraka.

SatoWaKuchoma: Mtu mzima upande mti ili uone ziwa? Nenda Capri Point, unaliona umekaa na soda mkononi.

Mama Bhoke: Mwanangu, mdogo wangu alianguka kwenye mwembe huko Sengerema akiwa darasa la nne, mkono haujanyooka mpaka leo. Na mikuyu ya hivyo ina wenyewe. Kwetu hakuna anayepita chini yake saa saba mchana. Oa utulie.

FundiMnara: Kazini napanda minara ya simu, wikiendi napanda miti. Kamba za miti nyingi ni milimita 11 hadi 13, ila unene si hoja. Iwe imetengenezwa kubeba mtu, na isivutike sana. Hanesi, yaani mikanda ya kujifunga mwilini, iwe ya kukalia, yenye mikanda ya mapajani. Ukining'inia kwa mkanda wa kiuno peke yake utakosa pumzi. Helmeti yenye mkanda wa kidevuni. Karabina, zile pete za kuunganishia kamba na hanesi, ziwe zinazojifunga zenyewe. Kamba unaipandisha kwa kifuko kizito na uzi mwembamba: unarusha kivuke tawi, kisha unavuta. Tawi liwe bichi, nene kama paja, na kamba ikae karibu na shina. Kabla hujapanda, ning'inieni watu wawili hapo chini mlisikilize. Sasa hiyo 14 umeitoa wapi?

MkuyuMkubwa: Kamba nzuri tu mkuu. Ngumu.

FundiMnara: Sijauliza ugumu.

MkuyuMkubwa: Mwaloni Kirumba. Jamaa alikuwa anafungia mtumbwi. Lakini wakuu, kamba iliyoshika mtumbwi kwenye mawimbi ya ziwa hili ishindwe na kilo zangu 70? Na hela nimeshatoa.

FundiMnara: Ukiitupa majini inaelea?

MkuyuMkubwa: Inaelea. Si ndiyo uzuri wake?

FundiMnara: Nailoni huzama. Hizo zinazoelea ni plastiki inayoyeyuka mapema, na unashuka kwa fundo linalosugua kamba njia nzima. Hapo bado jua, limeshaitafuna miaka. Mtumbwi kamba ikikatika unaelea. Wewe huelei hewani.

Mama Bhoke: Unapanda peke yako?

MkuyuMkubwa: Mama, hapo sasa... kuna wanachuo sita wamelipa elfu kumi kumi. Jumamosi hii. Ila mimi ndiye nitatangulia kuijaribu!

MzeeWaChai: Chai. Mwezi uliopita jina hilihili lilikuwa Kahama linaulizia mashine ya kukoboa mpunga. Leo lina mkuyu Luchelele. Weka picha ya fundo lako.

SatoWaKuchoma: Ehee, ile mashine uliipata? Bei gani? Natafuta kweli.

MkuyuMkubwa: Mashine ni ya shemeji, niliulizia kwa niaba. Picha hii hapa.

FundiMnara: Hilo ni fundo la kufungia mbuzi. Rudisha hela za watu.

Mama Bhoke: Na kile cheusi kwenye tawi la kushoto ni nini? Si nyuki wale?

MkuyuMkubwa: Wanne nimewarudishia. Wawili wamekataa hela, wanasema watapanda hivyohivyo.

MzeeWaChai: Jumamosi saa ngapi?